Kula na Kuliwa: Maana, Asili na Matumizi ya Kitenzi -la

1. Utangulizi

Kitenzi -la ni miongoni mwa vitenzi ambavyo mtoto wa Mswahili huvisikia mapema kabisa, na mgeni ajifunzaye lugha hii hufundishwa katika juma la kwanza. Pengine hiyo ndiyo sababu wachunguzi wamekipa nafasi ndogo. Neno linalojulikana na wote hudhaniwa kuwa halina la kuelezwa. Mtunga kamusi afikapo kwenye herufi L hueleza kwamba kula ni kutia chakula kinywani, kukitafuna na kukimeza; kisha huongeza orodha ya matumizi mengine, moja baada ya jingine, bila ya kuonyesha yanahusiana vipi na lile la kwanza.

Makala haya yanadai kwamba orodha za namna hiyo zina upungufu, na kwamba madhara ya upungufu huo hayaishii katika kurasa za kamusi. Tutajaribu kuonyesha kwamba maana ya msingi ya -la si kutafuna wala kumeza, bali ni kukiingiza kitu ndani ya nafsi hata kisiweze kurudishwa kama kilivyokuwa. Na kwamba katika maana hiyo mlaji hubeba matokeo ya alichokila. Upande huu wa pili, wa kubeba matokeo, ndio uliopuuzwa na kamusi, na ndio unaozidi kufifia katika Kiswahili cha siasa nchini Kenya.

Mifano yetu inatokana na mafungu matatu: methali na misemo inayojulikana na wasemaji wote wa Kiswahili, lugha nyingine za Kibantu, na usemi wa kawaida wa Kalamba, katika eneo la Nzaui, Kaunti ya Makueni. Kalamba tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wenyeji wa huko husema Kikamba nyumbani na Kiswahili sokoni, shuleni na barazani, na Kikamba kinacho kitenzi kile kile kwa umbo lake. Kwa hiyo ulinganishi hufanyika katika vinywa vya watu kabla haujafanyika katika karatasi za wataalamu. Pili, Ukambani ni nchi ya ukame, na historia yake ya njaa imewafundisha wenyeji kupambanua kitu kiliwacho na kitu kisicholiwa. Tofauti hiyo itatufaa tutakapofika kwenye lugha ya siasa.

2. Asili na umbo

Wataalamu waliolinganisha lugha za Kibantu, tangu Carl Meinhof hadi Malcolm Guthrie aliyetoa majuzuu ya Comparative Bantu kati ya mwaka 1967 na 1971, wamekubaliana kwamba kitenzi hiki ni cha asili kabisa. Mzizi wake wa kale huandikwa *-di-. Waganda husema okulya, Wanyarwanda kurya, Wazulu ukudla, Wakikuyu kũrĩa, na Wakamba kũya. Msomaji asiyeizoea fani hii huenda akashangaa jinsi kũya na kula yalivyo neno moja. Lakini mfano haupo peke yake. Mbele ya irabu ĩ, sauti l ya Kiswahili hulingana mara nyingi na r ya Kikuyu, na katika Kikamba hutoweka: kulima ni kũrĩma kwa Kikuyu na kũĩma kwa Kikamba, kulia, yaani kutoa machozi, ni kũrĩra na kũĩa, kulisha mifugo ni kũrĩthia na kũĩthya. Kula, kũrĩa na kũya hufuata njia hiyo hiyo.

Ulinganishi wa Kiswahili na Kikamba si jambo la jana. Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Rabai na kufika Ukambani mwaka 1849 na tena 1851, alichapisha huko Tübingen mwaka 1850 msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki, na humo Kiswahili na Kikamba vimewekwa bega kwa bega. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mlango wa kukitazama kitenzi chetu kutoka bara ulifunguliwa zamani. Waliofuata walielekeza macho yao zaidi pwani na ng'ambo ya bahari, na ndipo mengi yaliyoko bara yakasahauliwa.

Kwa upande wa umbo, -la ni kitenzi cha silabi moja, na vitenzi vya namna hiyo huchukua ku- katika baadhi ya nyakati: anakula, alikula, amekula, atakula. Katika nyakati nyingine ku- haihitajiki: hula, akila, akala, hali, ale. Sababu yake ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -na-, -li-, -me- na -ta- havikubali kuubeba, kwa hiyo ku- huja kuupokea. Viambishi hu-, -ki- na -ka- huubeba bila ya taabu. Tukitia kiambishi cha yambwa, nacho huupokea mkazo, na ku- hutoweka: amekula chakula, lakini amekila.

Hapa tutaje kosa linalosikika sana bara, la kusema "nataka kukula" na "akikula". Walimu wengi hulieleza kuwa ni athari ya lugha ya mama. Maelezo hayo hayatoshi. Mkamba asemapo kwao hutumia kũya, na katika Kikamba hakuna kiambishi cha pili kinachotiwa juu ya hicho. Angalihamisha sarufi ya kwao kama ilivyo, angesema "nataka kula" bila ya kukosea. Kinachotokea ni kwamba mwanafunzi husikia anakula, alikula na atakula mara nyingi zaidi kuliko akila na hula, naye huamua kwa akili yake kwamba mzizi wenyewe ni -kula. Ni kosa la mtu anayetafuta kanuni, na dawa yake ni kumfundisha kanuni ya mkazo, si kumlaumu kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Kutokana na -la tumepata chakula, mlo, mlaji, ulaji, malisho, na vitenzi -lia, -lisha, -lika, -liwa na -lana. Kati ya hivyo, -lia ina habari ya kupendeza. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina hili limeusukuma kando lile la zamani, mkono wa kuume, ambalo lingali linajulikana. Mkamba naye husema kw'oko kwa aũme, mkono wa wanaume. Kiswahili basi kimeuita mkono huo kwa jinsia na pia kwa kazi yake, na jina la kazi ndilo lililoshinda. Jambo hili dogo laonyesha jinsi kula kulivyo karibu na adabu: mkono uliao ndio mkono utoao salamu na upokeao zawadi.

3. Makundi ya matumizi

Tukiyakusanya matumizi ya -la, twaona kwamba yanaweza kupangwa katika makundi matatu.

3.1 Kula kinachokwisha

Kundi la kwanza ni lile ambalo yambwa hupungua au hukoma. Mtu hula ugali. Kutu hula chuma. Bahari imekula ufuko. Nyumba imekula fedha nyingi kabla ya kuezekwa. Katika bao, kete huliwa na kuondolewa mahali pake. Kalamba, ambako serikali ya kaunti ilifungua kiwanda cha kusindika maembe mwaka 2017, mtu aweza kusema kwamba mtambo unakula umeme, kama vile dereva anavyosema kwamba gari linakula mafuta. Katika fani ya uchumi mlaji ni yeyote anayenunua bidhaa na kuitumia. Katika mifano hii yote kinywa hakihitajiki. Kinachohitajika ni kwamba kitu kimeingia mahali na hakitoki tena kama kilivyokuwa.

3.2 Kula kinachomkaa mlaji

Kundi la pili ndilo linalotupa ushahidi mkubwa zaidi. Hapa yambwa haikomi. Yambwa ndiyo humpata mlaji. Mfanyabiashara hula hasara. Mtoto mtundu hula fimbo. Timu iliyoshindwa imekula kichapo. Mtu hula kiapo. Aliyeishi sana amekula chumvi nyingi, na chumvi hiyo imo katika maneno na maamuzi yake. Katika misemo hii anayekula ndiye anayetendwa: kisarufi yeye ni kiima, lakini kimaana jambo limemshukia yeye.

Kamusi zetu, tangu ile ya kamati ya lugha iliyosimamiwa na Frederick Johnson mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yaliyofuata, zina desturi ya kuitaja misemo kama hii pembeni, kana kwamba ni mapambo yaliyobandikwa juu ya neno. Sisi twaiona kuwa ni ndugu wa damu wa kundi la kwanza. Mtu alaye ugali, ugali huisha, lakini nguvu au ugonjwa wa ugali humkaa mwilini. Kundi la kwanza hutazama kile kilichokwisha. Kundi la pili hutazama kile kilichobaki. Kitendo ni kimoja.

Methali hulijua jambo hili kuliko kamusi. Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Katika kila moja ya hizi, kula hufuatwa na deni, na deni ni kubwa kuliko chakula. Hata ile isemayo kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini, ambayo hutumiwa na wenye pupa kujitetea, ina ndani yake kiri ya kwamba raha ya kula haikai. Na ile ya mchumia juani hulia kivulini hutukumbusha kwamba kula kwa halali kuna mwanzo wake katika jua.

3.3 Kula cheo na mali

Kundi la tatu ni la madaraka na mali. Mtu hula rushwa, hula mlungula, hula riba, hula mali ya yatima. Hapa lugha jirani zatusaidia. Mganda husema okulya enguzi kwa kula rushwa, na okulya olukwe kwa kusaliti. Mswahili naye hula njama. Lakini Mganda pia husema okulya obwami, kula uchifu, wala hakusudii wizi: ni kutawazwa. Kabaka anapotawazwa husemwa kwamba amekula Buganda, na wafalme wa Nkore walikula ngoma, kwa kuwa ngoma ndiyo ufalme. Aliyekula ngoma hakuimaliza. Aliingia katika madaraka, na madaraka yakaingia ndani yake, asiweze tena kuwa mtu kama watu wengine. Huu ni ukoo wa kundi la pili: kinacholiwa humkaa mlaji.

Katika Uislamu nako usemi ni huo huo. Qurani, katika Sura ya Nisaa aya ya 10, inasema juu ya wale walao mali ya mayatima kwa dhuluma kwamba wanajitia moto matumboni. Mswahili Mwislamu aliposikia kwa Kiarabu mali ikiliwa, hakuhitaji kujifunza neno jipya. Lake lilikuwa tayari, na lilikuwa na hukumu ile ile ndani yake. Kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza iwapo kula riba ni kwa Kibantu au ni kwa Kiarabu. Mito miwili imekutana katika bonde moja.

4. Kula kiapo

Msemo wa kula kiapo wastahili sehemu yake peke yake, kwa kuwa ndio kipimo cha hoja yetu.

Msomaji aliyesoma lugha za ng'ambo huenda akasema kwamba msemo huu umetoka nje. Kweli Waajemi husema sogand khordan, kula kiapo, na wasemaji wa Kihindi na Kiurdu husema qasam khana kwa maana hiyo hiyo. Hao hao hula rushwa, na katika Kihindi mtu hula kipigo pia. Kufanana huku si kwa kubahatisha tu, kwani watu wa pwani zetu walifanya biashara na watu wa pwani hizo kwa karne nyingi. Lakini tukiishia pwani tutakosa nusu ya habari.

Wakamba walikuwa, na baadhi yao wangali, na kiapo kikubwa kiitwacho kĩthitũ. Gerhard Lindblom, Mswidi ambaye uchunguzi wake juu ya Wakamba ulichapishwa Uppsala mwaka 1920, ni mmoja wa walioandika habari zake. Kĩthitũ ni kitu chenye nguvu, si chakula. Mwapaji hukigonga kwa kijiti huku akitamka maneno yake. Hata hivyo Wakamba husema kũya kĩthitũ, na wanapokisema kitendo hicho kwa Kiswahili, barazani au mahakamani, husema kula kithitu. Na kiapo nacho hula: aliyeapa uongo husemwa kwamba kiapo kimemla, akifa yeye au wakifa walio wake. Krapf naye aliandika juu ya kiapo cha mkate miongoni mwa Wamijikenda: mshtakiwa alipewa kipande cha mkate akimeze, na aliyeshindwa kukimeza ndiye mwenye hatia. Kati ya Rabai na Nzaui, basi, kiapo kiliingizwa ndani ya mtu kwa kinywa au kwa neno, kikakaa humo kikingojea. Kama msemo wa Waajemi ulifika pwani, uliwakuta wenyeji wanaoufahamu.

Zingatia pia kwamba kitendo hiki kina pande mbili: mtu hula kiapo, na kiapo humla mtu. Hakuna tafsiri ya Kiingereza inayoweza kuubeba uzito huu, kwa kuwa Mwingereza hali kiapo, yeye hukichukua. Nasi siku hizi twasikia katika taarifa za habari na hata katika hotuba rasmi kwamba waziri fulani "amechukua kiapo". Wengine hulitetea neno hili wakisema kwamba linaeleweka. Hatukatai kwamba linaeleweka. Lakini kitu kilichochukuliwa chaweza kutuliwa chini, au kurudishwa kilikotoka, au kupewa mwingine achukue. Kilicholiwa hakirudishwi. Msemaji anayesema "kuchukua kiapo" amefasiri maneno ya Kiingereza, na katika kufasiri amempunguzia waziri mzigo aliokuwa akitwishwa na Kiswahili.

5. Kula bila ya yambwa

Sasa tuje kwenye matumizi yanayotutia wasiwasi zaidi. Katika siasa za Kenya, hasa tangu miaka ya tisini, kitenzi -la kimezoea kutumiwa bila ya yambwa: ni zamu yetu kula, wale wamekula, sasa watuachie, tukiwa nje ya serikali hatutakula. Mwandishi Michela Wrong alikifanya kisemo hicho kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 2009, It's Our Turn to Eat, juu ya John Githongo, aliyejiuzulu wadhifa wake wa kupambana na ufisadi mwaka 2005. Kabla yake Jean-François Bayart, katika kitabu chake cha mwaka 1989 juu ya dola katika Afrika, alitumia msemo wa siasa ya tumbo, ambao aliupata Kameruni. Vitabu hivi viwili vina manufaa yake, na hatukusudii kuvibeza. Lakini msomaji asiyejua lugha zetu aweza kutoka humo akiamini kwamba mwenye kusema Kiswahili anapotaja madaraka huwaza tumbo, na kwamba lugha yenyewe imeubariki wizi.

Ushahidi tulioutoa wakanusha jambo hilo. Katika lugha hii, kula cha watu kuna malipo, na malipo yameandikwa ndani ya kitenzi. Kilichofanyika katika usemi wa siasa ni kukata kitenzi nusu. Kwanza, yambwa imeondolewa: haisemwi ni nini kitakacholiwa, wala ni cha nani. Kungesemwa "ni zamu yetu kula mali ya yatima", hakuna mkutano ambao ungepiga makofi. Pili, lawama inapofika, kitenzi hutiwa katika kauli ya kutendewa na mtenda huachwa: pesa za kisima zimeliwa. Na nani? Sentensi haisemi. Katika kula mlaji yupo na kinacholiwa hakipo. Katika kuliwa kinacholiwa kipo na mlaji hayupo. Wawili hao hawakutanishwi katika sentensi moja, na hapo ndipo mwizi anapopitia. Tatu, nomino ulaji, ambayo ilikuwa tendo la kula tu, imekuwa jina la cheo chenye manufaa: fulani amepata ulaji. Hili la mwisho lasikika Tanzania na Kenya pia.

Ukambani una jibu lake kwa usemi huu, nalo limo katika majina ya njaa. Wakamba huzipa njaa zao majina, na majina hayo ni kama kitabu cha historia. Iko Yũa ya Ndeke ya mwaka 1961, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Mwolyo ni chakula cha msaada, na neno hilo hujulikana na kila mtu kuanzia Kitui hadi Makueni. Na iko njaa ya mwaka 1984 iitwayo Nĩkw'a Ngwete, yaani "nafa nikiwa nimeshika". Alichoshika ni pesa. Fedha zilikuwamo mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwapo.

Jina hilo ni hoja ya kisarufi pamoja na kuwa kumbukumbu ya msiba. Linasema kwamba pesa haziliwi. Msemo wa "kula pesa" husimama kwa muda wote ambao mtu mwingine analima, anavuna na anasafirisha. Akikoma huyo, pesa hubaki mkononi na mwenye pesa hufa. Mtu wa Kalamba anapomsikia mwanasiasa akisema kwamba sasa ni zamu ya watu wetu kula, ana haki ya kuuliza swali ambalo sarufi yenyewe inalidai: kula nini? Na swali la pili hufuata: kimelimwa na nani?

6. Mapendekezo juu ya kamusi na ufundishaji

Kutokana na hayo, twapendekeza mambo manne kwa watungaji wa kamusi na walimu wenzetu.

Kwanza, kidahizo cha -la kianze na maana ya jumla, yaani kukiingiza kitu ndani kisirudi kama kilivyokuwa, kisha kula chakula kiwe tawi lake la kwanza na lililo kubwa. Mpango wa sasa hukifanya chakula kuwa shina, na matokeo yake ni kwamba kula hasara na kula kiapo huonekana kama vichekesho vya lugha.

Pili, matumizi yapangwe kwa aina ya yambwa. Mwanafunzi aonyeshwe wapi yambwa hukoma, wapi humkaa mlaji, na wapi ni cheo au mali. Mpango huu utamsaidia pia kuelewa misemo mipya. Vijana wanaposema "kula bata" kwa maana ya kustarehe, hawajavunja kanuni. Wameongeza tawi katika upande wa raha.

Tatu, kauli za -liwa na -lana zielezwe kwa mifano kamili. Si vyema mwanafunzi afikiri kwamba kauli ya kutendewa ni zoezi la kubadilisha maumbo tu. Kauli hiyo ina kazi katika jamii, ikiwamo kazi ya kumficha mtenda, na somo la sarufi ni mahali pazuri pa kuifichua. Mwalimu aandike ubaoni "pesa za kisima zimeliwa", kisha awatake wanafunzi wairudishe sentensi katika kauli ya kutenda. Watakwama kwenye kiima, na kukwama huko ndiko kuelimika.

Nne, lugha za bara zihesabiwe kuwa ushahidi. Kwa muda mrefu asili ya maneno ya Kiswahili imetafutwa pwani, Uarabuni, Uajemi na Uhindini, nayo ni kazi njema isiyopaswa kuachwa. Lakini mtaalamu anayesoma Kiajemi ili aeleze kula kiapo, na asiulize Wakamba wanasemaje, amevuka bahari akakiacha kisima kilicho uani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba kitenzi -la ni cha kale kuliko Kiswahili chenyewe, kwamba kimegawanywa kwa lugha nyingi kwa sauti zinazofuata kanuni, na kwamba matumizi yake yote yamefungwa na wazo moja: kilicholiwa kimo ndani ya mlaji. Wazo hili ndilo linalounganisha ugali, hasara, chumvi, ngoma na kiapo. Kamusi ikilitenganisha, mwanafunzi hukosa kipande cha elimu. Siasa ikilikata, raia hukosa kifaa cha kuhukumia.

Chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Rais, mawaziri na wabunge hawashiki madaraka kabla ya kuapa. Kwa Kiswahili safi, wote hao huanza kazi kwa kula. Wanachokila siku hiyo kinajulikana, nacho hutamkwa mbele ya watu kwa sauti. Tukiendelea kusema kwamba wamekula kiapo, tunawakumbusha kwamba kimo ndani yao. Yafaa walimu na watangazaji waushike msemo huo, nao watunga kamusi waueleze kwa ukamilifu, ili mtoto anayesoma Kalamba au Unguja ajue tangu darasani kwamba mbele ya kula huwa pana swali la nini, na nyuma yake huwa pana swali la malipo.